Mwaka Niliokawia Kuona Kaburi

Chemutai amekufa. Binti yake alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa jikoni kwangu hapa Bungoma mjini, nachagua maharagwe. Nikampa pole, nikamwuliza mazishi ni lini, nikaweka simu mezani, nikarudi kwenye maharagwe. Sikulia. Nina miaka hamsini na miwili sasa na nimekwisha kujizoea. Habari ya msiba ikinijia husimama mlangoni kwanza, na mara nyingine huwa haiingii kabisa. Kilichofika upesi kuliko huzuni ni kile kisauti changu cha zamani. Kikaanza: huko mlimani kuna mvua wiki hii, barabara itakuwa tope tupu, goti lako la kushoto unalijua, kwanza ngoja Ijumaa uende na akina mama wa kanisa, kwanza tafuta leso ya heshima. Nilikiacha kiseme mpaka kikachoka. Halafu nikafunika maharagwe kwa sinia, nikavaa viatu, nikatoka. Kufikia saa tisa nilikuwa nimeketi kwenye benchi nyumbani kwa marehemu, wa kwanza kufika kutoka mbali, na binti yake akaniletea chai. Ni Chemutai mwenyewe aliyenifundisha kutoka namna hiyo, mwaka ule tulioishi pamoja Kitale. Kwa kuwa hayupo tena wa kunikatiza, nitausimulia mwaka huo kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Simu za mkononi zilikuwa za watu wenye magari. Sisi wengine habari zilitufikia kwa mdomo wa mtu. Chemutai, msichana wa miteremko ya Elgon, mrefu, mkavu wa maneno, alikuwa amenizidi miaka mitatu na alijiona amenizidi thelathini. Tulipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi nje kidogo ya mji. Ukuta wake ulipakwa samawati hadi kifuani na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, na haukufika kwenye mabati, kwa hiyo tulijua majirani wetu wote walikula nini na waligombania nini. Kitanda kilikuwa kimoja, cha futi tatu na nusu, tukilala mzungu wa nne, miguu yake ikinukia mafuta ya mgando karibu na pua yangu. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria tatu, na kibuyu cha maziwa lala alichotumiwa kutoka kwao, ambacho alikilinda kama hati ya shamba. Kila asubuhi tulitoka kwenda kufanya kibarua katika shamba moja la mahindi ya mbegu, na kila jioni tulirudi tukala ugali, sukuma na hayo maziwa, tukisikiliza mume wa Mama Brayo, jirani wa kushoto, akimweleza mkewe kwa nini hakwenda kutafuta kazi siku hiyo. Alikuwa na sababu nzuri kila siku. Tulikuwa tukimcheka.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli katika soko la Sirisia, na hayo yanatosha kumhusu kwa sasa. Ilikuwa mwisho wa Januari, siku ya Jumatano, tumekaa chini tunakula, binamu yangu Wafula akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akasema, "Nasimiyu, mzee ametuacha. Tunazika Jumamosi." Nikamwuliza kama amekula. Akanitazama, akamtazama Chemutai, kisha akakaa akala, na mimi nikamwongezea ugali, nikamwongezea mboga, nikamwuliza habari za ng'ombe. Nilikuwa nangoja kitu kinipasue. Nilikuwa nimewaona watu wakipewa habari kama hiyo wakaanguka chini, na nilidhani mwili wangu ulikuwa unachelewa tu kidogo, kwamba nikimaliza kuosha sahani kitafika. Nikaziosha. Nikaziosha tena. Wafula aliondoka alfajiri, na nikamwambia atangulie, nitakuja kesho yake nikishaomba ruhusa.

Alhamisi nyapara hakuwepo, nikasema siwezi kuondoka bila ruhusa. Ijumaa nilipata ruhusa lakini nilikuwa nimeifua ile sketi yangu nyeusi na haikukauka, na hiyo ilikuwa Januari, Kitale, jua la kukausha hata shuka la jeshi. Jumamosi niliamka mapema, nikaoga, nikavaa, nikafunga viatu, nikaketi kitandani. Chemutai alikuwa amelala kifudifudi, akageuza uso. Akasema, "Si leo ndio mazishi?" Nikasema ndiyo. "Na umeketi." Nikamwambia nimeshachelewa sasa. Akanyoosha mkono akachukua saa yake ndogo iliyokatika mkanda. "Saa moja unusu ndio kuchelewa? Hapo Sirisia wanaanza kuzika saa nane, bana. Mpaka kila mbunge aongee." Nilikaa hapo na sketi yangu nyeusi mpaka redio ya Mama Brayo ikatangaza habari za saa saba, nikajua kwamba sasa kweli nimechelewa, na nitakuwa mwongo nikikana kwamba niliona nafuu. Nikavua viatu. Nikachemsha chai, nikanywa vikombe viwili.

Watu wa kwetu, Wabukusu, wana utaratibu kwa mtu aliyekosa mazishi. Haingii tu bomani akaketi akala. Anakuja na jogoo, anapokelewa mlangoni, hasalimii mtu, anaongozwa moja kwa moja hadi kaburini kulitazama, na hapo huomboleza yale ambayo hakuomboleza siku yenyewe. Ndipo jogoo anachinjwa na yeye anakuwa mtu wa nyumba tena. Kuona kaburi, tunaita hivyo, kwa urahisi kama vile ni kuona shamba. Na binti ndiye anayetazamwa zaidi. Binti husikika tangu barabarani, kilio chake kinamtangulia, majirani wanaacha majembe na kusema huyo sasa amefika. Nilikuwa nimeona binti za watu wakifanya hivyo tangu utotoni, na hata wale ambao hawakupendana na baba zao walikuwa na sauti. Mimi nilijijaribu siku moja Chemutai alipokwenda msalani. Nilisimama katikati ya chumba nikafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mtu anayeita ng'ombe asiye wake, na Mama Brayo akauliza kupitia juu ya ukuta, "Nasimiyu, ni panya?" Nikasema ni panya.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu. Zile nyingine zote, ruhusa, sketi, mvua, homa ya tumbo, zilikuwa visingizio, na nilivipanga vizuri kama anayepanga nyanya za kuuza, zile nzuri juu. Sababu ilikuwa kwamba nitasimama mbele ya kaburi la baba yangu na macho makavu, na kila mtu ataona. Sikumwambia mtu hayo. Hata mwenyewe sikuwa nimejiambia waziwazi. Nilijua tu kwamba kila nikiifikiria njia ya Sirisia mikono yangu inapoa.

Wakati wa Pasaka nilifika Bungoma. Hilo huwa napenda kulitaja, kwamba angalau nilijaribu. Nilikuwa nimeamua kulala hapo mjini kwa rafiki kisha niendelee kesho yake, na nikaingia katika hoteli moja ndogo karibu na stendi nikaagiza chapati na madondo. Meza ya nyuma yangu walikuwa akina mama wawili na vikapu vyao. Mmoja akamwuliza mwenzake, "Kwani ulifika kwa ile matanga ya fundi wa baskeli?"

"Ya Sirisia? Nilifika. Watu walijaa, ukose hata pahali ya kukanyaga. Lakini ile msichana yake iko Kitale haikuonekana."

"Ati nini ilimshika?"

"Nani anajua. Mama yake alikuwa anaangalia tu barabara. Wanaimba, yeye anaangalia barabara. Mpaka wakafukia."

"Woi. Na sasa hata akikuja atalilia nini? Machozi ishakauka."

"Si ndio hiyo. Atasimama hapo kama posti."

Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanavyosema juu ya bei ya sukari, kisha wakahamia habari nyingine, mtoto wa nani aliyejiunga na chuo gani. Mimi nilimaliza chapati yangu. Nilimaliza na madondo, nikapangusa bakuli. Halafu nikarudi Kitale. Chemutai alinikuta nimelala mchana na viatu, akaenda kuteka maji. Usiulize nilihisi nini. Nimejiuliza miaka mingi, na ninachokumbuka ni kwamba chapati ilikuwa na chumvi nyingi.

Mwezi wa tano nilimnunua jogoo wa kwanza. Nilimnunua kwa Mama Brayo, mwekundu, mwenye kiburi, nikamfunga kamba kwenye mguu wa kitanda nikitangaza kwamba Jumamosi inayofuata naenda. Jumamosi ikaja, mvua ikaja nayo. Wiki ya pili nikawa na zamu. Wiki ya tatu jogoo akapiga chafya, au nilisikia amepiga chafya, na nikamweleza Chemutai kwamba haiwezekani kumpelekea marehemu jogoo mgonjwa, ni dharau. Tukamla Jumapili. Alikuwa na afya nzuri sana. Wa pili nilimnunua sokoni mwezi wa sita, na huyo alikuwa mweupe, na siku mbili baadaye nikaanza kuingiwa na shaka kama mweupe anafaa, kama hakuna mzee atakayesema mweupe ni wa shughuli nyingine. Ningeweza kumwuliza mtu. Kitale ilijaa Wabukusu watu wazima ambao wangenijibu kabla sijamaliza swali. Sikuuliza. Siku ndugu yake Chemutai alipotutembelea, na hakukuwa na kitoweo, nilikuwa wa kwanza kumtazama yule jogoo. Tulikuwa tumekaa tunakula, Chemutai ameshika shingo anaichambua taratibu, akasema bila kuinua macho, "Nasimiyu, hii ni mara ya pili tunakula jogoo ya babako. Mzee wa watu atazoea kukaa njaa." Ndugu yake akacheka akidhani ni utani. Mimi pia nikacheka. Kisha Chemutai akaweka shingo chini na hakuimaliza.

Wiki hiyo hiyo Wafula alikuja tena. Hakuingia. Alisimama hapo kwenye bomba la ploti, wanawake wanafua, akaniita pembeni. Akasema, "Mama yako amenituma. Amesema niseme vile alisema, nisipunguze." Nikamwambia aseme. Akatazama viatu vyake. "Amesema hivi. Mahindi yake iko karibu kukomaa. Ikivunwa kama bado hujakuja kuona mzee, mtu akimwuliza amezaa watoto wangapi, atasema wanne." Sisi ni watano. Wafula akaongeza kwa haraka, "Mimi ni wa kutumwa tu," na mwanamke mmoja aliyekuwa akifua akaacha kusugua. Nikamwambia Wafula asante. Nikamwambia amsalimie. Mama yangu si mtu wa vitisho. Katika maisha yangu sikupata kumsikia akisema kitu mara mbili. Nilijua akisema wanne watakuwa wanne, na nilijua pia kwamba atalisema bila hasira, akiwa anachambua mboga, na kwamba baada ya hapo naweza kufika siku yoyote na majogoo kumi na nitapewa kiti cha mgeni. Niliyajua yote haya na bado Jumamosi iliyofuata sikwenda. Mtu asiyeijua hali hiyo hawezi kuamini. Ukiwa ndani yake unaona mlango uko wazi kabisa, na unakaa.

Julai ni mwezi wa kung'oa maua. Mahindi ya mbegu hupandwa mistari minne ya kike na miwili ya kiume, na ile ya kike ni lazima ing'olewe ua lake la juu kabla halijafunguka na kumwaga unga wake, la sivyo inajizalisha yenyewe na mbegu inaharibika. Ua halina Jumapili wala mvua. Unaingia saa kumi na mbili na nusu, mahindi yamekupita kichwa, umande unakumwagikia shingoni, majani yanakukata mikono, na mstari wako ni wako mpaka msimu uishe. Unaupitia leo, na kesho unaupitia tena kwa sababu kuna maua yaliyojificha. Kila asubuhi wanawake walilalamika tangu getini. Mmoja mgongo, mwingine mtoto, mwingine ndoto mbaya. Kisha wakaingia. Nilikuwa nimezoea kuwasikia hata sikuwasikia tena.

Jioni moja niliacha nusu ya mstari. Mvua ilikuwa imetulowesha, niliona maua yale bado yamefumba, nikajiambia kesho asubuhi nitaanza na haya. Kesho yake jua lilitoka mapema, na nilipofika yalikuwa yamefunguka, ukiyagusa unga unaruka. Nyapara wetu, Barasa, mtu mpole mwenye koti la mvua lililochanika kwapa, alipita nyuma yangu, akayaona. Hakunitukana. Alipima upepo ulikotoka kwa kuinua kidole, akasema, "Reta panga. Ile yako, na tatu tatu huku na huku." Mistari saba. Mahindi mabichi, yameanza kutoa ndevu, na nilitakiwa kuyakata mwenyewe. Chemutai akaacha mistari yake akaja na panga lake. Tulikata mpaka saa nne. Yalianguka vizuri, yakinukia utamu, na mimi nilitazama mikono yangu ikikata na sikusikia chochote, si aibu wala huruma, na hapo nikaogopa. Nilikuwa nimedhani kwamba ukavu ule ulihusu baba tu.

Tulikaa ukingoni tukafungua mkebe wa githeri. Sijui ni nini kilinifungua kinywa. Nikasema, "Sina machozi, Chemu. Ndiyo maana siendi. Tangu Januari nangoja, hayaji. Nitasimama pale nitazamwe kama posti. Nikipata moyo wa kwenda nitaenda."

Akatafuna. Alikuwa akitafuna kila kitu mpaka mwisho kabla ya kusema. "Leo asubuhi ulikuwa na moyo ya kuingia kwa hiyo umande?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Na uliingia."

"Niliingia."

"Mimi pia sijawahi kuwa nayo," akasema. "Mama Brayo hana. Barasa hana, muulize. Huyo mume wa Mama Brayo ndiye anangojanga moyo." Akafunika mkebe. "Enda saa hii. Usipitie kwa nyumba. Ukiketi kwa hiyo kitanda tutakula jogoo ya tatu."

Nilikasirika. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu wakisimulia mambo haya husema waliona mwanga. Mimi nilikasirika, nikasimama kwa ajili ya kumkasirikia, na nilipokuwa nimeshasimama nikaona kwamba nimesimama. Nikamwendea Barasa nikamwambia nataka ruhusa nikaone kaburi la baba. Akauliza mzee alifariki lini. Nikasema Januari. Akanitazama usoni, akatazama gambuti zangu zilizojaa matope, nami nikasubiri aseme nikabadilishe kwanza. Akasema, "Enda tu hivyo." Njia nzima kile kisauti kiliongea. Kiliongea Kamukuywa, kiliongea Kimilili, kikanikumbusha kwamba nywele zangu zina unga wa maua na kwapa zangu zinanuka. Sikukijibu wala sikukishinda. Kilikuwa kinasema na mimi nilikuwa naenda. Chwele nilishuka kutafuta jogoo, na kwa bahati yangu mwenye majogoo alikuwa ameondoka, amebaki mama mmoja na kuku jike wa madoadoa. Kisauti kikafurahi sana. Nikamnunua yule jike.

Nyumbani mbwa ndiye aliyetangulia kuniona. Sikuja nikilia, nilikuja nikiburuta gambuti, kuku amening'inia mkononi, na Senge Robai, dada yake baba, alikuwa anaanika nguo kwenye ua. Alipoona nafungua kinywa akainua mkono. "Usisalimie mtu. Kuja huku kwanza." Akanishika kiwiko, si kwa upole wala kwa ukali, tukazunguka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshaanza kushuka katikati. Nyasi zilikuwa zimeota upande mmoja. Nilisimama. Nilitazama udongo nikafikiri kwamba ni udongo mzuri, mwekundu, na kwamba mvua ilikuwa nzuri huku pia. Hakuna kilichokuja. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye mpaka, majembe yametulia.

"Senge," nikasema, "silii."

"Nimeona."

"Watu watasema."

"Watasema nini ingine? Si walishasema?" Akaniachia kiwiko. "Hii si mashindano. Mwambie ni wewe umekuja. Taja jina."

Nikasema, "Baba, ni Nasimiyu. Nimekuja." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, ile ya kuagiza chai. Kisha nikaongeza, "Nimechelewa." Senge akamtwaa yule kuku, akamgeuza, akamtazama chini. "Na hii ni kuku mke."

"Majogoo yalikuwa yameisha."

"Haya. Mzee hakuwa mtu wa kuchagua." Na hayo ndiyo yalikuwa yote. Kitu ambacho nilikikimbia tangu Januari hakikuchukua muda wa kuchemsha maziwa. Majirani walirudi kulima.

Mama alikuwa jikoni. Hakutoka kunipokea, na nilipoinama kuingia hakuinua macho. Alikuwa anachambua mrenda, na mahindi yake, niliyapita njiani, yalikuwa bado yamesimama shambani, majani ya chini yamekauka. Nilikaa kwenye kigoda. Jiko lilikuwa lile lile, masizi kwenye mianzi, chungu cha maji kona ya mlango, isipokuwa kigoda kimoja kilikuwa kimegeuzwa juu chini na kuwekwa pembeni. Alinipa maji nikanywa. Kwa muda mrefu tulikuwa tunasikia kisu cha Senge kule nje, kuku, kisha maji ya moto. Mama Metrine wa jirani akachungulia mlangoni, amekuja kuomba moto, au ndivyo alivyosema. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye gambuti. "Mgeni ni nani?"

Mama akaendelea kuchambua majani. "Si mgeni. Ni mtoto yangu ya tatu. Alikuwa kazi, na huko Kitale mvua ilikuwa mingi." Akachukua kaa kwa koleo akampa. Mama Metrine akasema aa, ni kweli, mvua ya Kitale, akaondoka. Nilitazama miguu yangu. Mama yangu, ambaye hajasema uongo hata kwa karani wa chifu, alikuwa amenitengenezea kisingizio, na kilikuwa kizuri kuliko vyangu vyote.

Senge alileta kuku amekatwa kwenye sufuria, Mama akapika mwenyewe. Ilipoiva akapakua kama alivyopakua siku zote: paja kwa Senge, kidari kwa wageni kama watakuja, mgongo wake yeye. Kisha akaitafuta firigisi kwa mwiko. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, haigawanywi, mwanamke haigusi. Tangu nipate akili niliiona ikienda kwenye bakuli moja dogo la bati na bakuli hilo kufunikwa. Akaipata. Akafikia rafuni bila kutazama, akachukua lile bakuli, akaiweka ndani, akalifunika, akageuka kulipeleka. Hapo akasimama. Alisimama katikati ya jiko na bakuli mkononi, akitazama kile kigoda cha baba kilichopinduliwa, na mimi nilimwona usoni jambo nililolijua, kwa sababu nilikuwa nimeishi nalo miezi sita. Hakukuwa na kitu pale. Uso ulikuwa mtupu kabisa.

Akakaa karibu nami. Akasema kwa sauti ya chini, Senge asisikie, "Hata mimi sikulia."

Sikuelewa. Nikamwambia, Mama, mjane hakosi kulia.

"Nilipiga kelele. Hiyo naweza. Lakini maji haikutoka, Nasimiyu. Siku hiyo haikutoka, na mpaka leo haijatoka. Nilikuwa naangalia barabara, nasema huyu wangu wa Kitale akifika nitamwambia, huyu tu, hawa wengine wataogopa." Akafunua bakuli, akaikata firigisi kwa kisu vipande viwili, akaniwekea kimoja kiganjani. "Ukakawia."

Tukala.